Moshi Asiousikia Mama Coletha

Mvua iliyoanza jana haijakata hapa Maganzo. Ndani ya jiko la nyasi, Lukresia, ambaye kila mtu humwita Mama Coletha, anageuza kimea cha ulezi juu ya uchanja kwa viganja vyote viwili. Chini ya uchanja moto unafuka bila kuwaka. Machozi yanamtiririka, naye hayafuti. Atayafuta mara ngapi?

Anachota konzi moja na kumsogezea mwandishi puani.

"Nusa, baba."

Mwandishi ananusa. Mama Coletha hangoji jibu. Anamkazia macho usoni, kisha anarudisha kimea mahali pake taratibu.

"Basi. Nimeshaona."

Kazi hii ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unakaushwa na kusagwa, na wenye vilabu wanakuja kuununua wakapikie komoni, pombe ya kienyeji. Bila kimea, komoni ni uji mtupu, na wachimba almasi hawapandi kutoka shimoni jioni kufuata uji.

Kiangazi kila mpika pombe hujianikia kimea chake, jua halina hiyana. Masika ndipo Mama Coletha alipotamba. Cha wenzake kiliota ukungu, chake kilikauka juu ya makaa ya miti migumu yasiyotoa moshi. Wenye vilabu saba walimpigia foleni mlangoni.

"Niliwaringia sana," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Nilikuwa nawaambia, haya, kaanikeni kwenye mvua tuone."

Mwaka sabini na nne wakazi wakahamishiwa kijiji cha ujamaa, watu wote mahali pamoja, na miti ya jirani ikaisha upesi. Magoti yalipogoma kufuata kuni za mbali, akaanza kukata matope meusi ya bondeni, yale yaliyojaa mizizi ya nyasi. Huyakausha kiangazi kama matofali na kuyachoma masika. Yanashika moto vizuri, na kufuka yanafuka vizuri zaidi.

"Mwanzoni niliusikia huo moshi kwenye kimea, ukanichukiza. Baadaye nikaona umepungua. Nikasema mkono umeizoea kazi. Kumbe."

Anaishia hapo hapo, kwenye "kumbe". Yaliyobaki yalitokea mwaka jana kilabuni kwa Eufrasia, shoga yake na mteja wake wa siku nyingi.

Wanywaji walikuwa wameanza kulalamika kwamba komoni ya masika ina ladha ya nyumba iliyoungua. Siku hiyo akaingia Mskoti mmoja, fundi wa mitambo ya mgodi, Mzungu mzee mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Akalimaliza kopo lililowashinda wengine, akafumba macho, akaomba jingine.

"Hii nyumbani," alisema.

Kesho yake alirudi na chupa ya wiski iliyobaki robo. Akawaeleza kwamba kwao nako mvua haikatiki, na kimea cha shayiri hukaushwa kwa moto wa matope ya bwawani. Moshi huingia ndani ya punje na hautoki tena, hata kinywaji kikae miaka kumi ndani ya pipa. Watu hulipia moshi huo. Kilabu kizima kikacheka. Wazungu nao!

Akamimina kidogo kwenye kikombe, kikapita mkono kwa mkono. Thobias, mchimbaji, alikunja uso kabla hata hajaonja.

"Hii si dawa ya kidonda?"

Selestine, aliyekaa naye benchi moja, alisema ni samaki wa kubanika aliyeangukia majivuni. Eufrasia alisikia udongo uliolowa, na mwisho kabisa, walipokwisha kukata tamaa wote, utamu mdogo kama wa asali iliyogandia chini ya sufuria. Kinywaji chenye rangi ya chai, na jiko zima limo ndani yake!

Zamu ya Mama Coletha ikafika. Akanusa. Akanusa tena, akanywa.

"Kinaunguza," alisema. "Halafu?"

Wakaangua kicheko, wakidhani anawatania. Eufrasia ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Mayu, huusikii moshi?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Moshi upi?"

Ndivyo alivyojua. Kikulacho ki nguoni mwako: moshi uliomlisha ulikuwa umeshamla pua. Zahanati walimpa matone, yakaisha, na hakuna kilichobadilika. Vitunguu, mvua ya kwanza, nguo zilizotoka juani, vyote vimemnyamazia. Binti yake Coletha, aliyeolewa Nkome, kando ya ziwa, alipomleta mtoto wake wa kwanza, bibi alimnusa mtoto shingoni, akapata hewa tu.

"Hapo nililia," anasema. "Sikulilia kimea. Nilimlilia yule mtoto."

Coletha anamsihi ahamie kwake ziwani. Jibu lake ni lile lile: nikafanye nini, hapa nina kazi.

Lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kati ya wateja saba amebaki Eufrasia peke yake, anayechukua debe moja kwa wiki na kulipa bila kuomba apunguziwe. Mwezi uliopita Mama Coletha alipita nyuma ya nyumba ya shoga yake na kukuta kuku wanakipigania kimea matopeni, debe zima. Alikitambua kwa usagaji wake. Wiki iliyofuata alimpelekea debe jingine, akapokea fedha.

"Ningemwambia nimeona, angeona aibu, na mimi ningekosa mteja," anasema. "Kwa hiyo tunadanganyana. Tumezeeka, tunadanganyana."

Mlangoni panasikika hodi. Ni Eufrasia mwenyewe, khanga imelowa chapachapa.

"Wangaluka, mayu!" anamwamkia kwa Kisukuma.

"Wangaluka. Pita, kimea chako hiki hapa."

Eufrasia anachota, ananusa. Anachelewa kidogo tu kutabasamu.

"Safari hii safi kabisa! Hakina moshi hata chembe."

"Asante," anajibu Mama Coletha, huku akimtazama usoni.

Eufrasia anajitwika debe na kuondoka mvuani. Mama Coletha anamsindikiza kwa macho mpaka anapopotea.

"Umeliona lile tabasamu?" anamwuliza mwandishi. "Basi andika. Yeye hajui kusoma, wala mimi, lakini atasomewa. Andika kwamba kuku nimewaona, na asinunue tena. Mimi mdomo umenishinda."

Na yeye ataishije? Anaingiza mkono nyuma ya mtungi na kutoa chupa. Mskoti alirudi kwao, akamwachia tone lililobaki. Kila siku huifungua mara moja, hainywi.

"Siku nikiusikia moshi wa Mzungu, nitausikia na wangu. Nitajua kimea kipi cha kuuza na kipi cha kumwaga. Wateja watarudi."

Anazibua. Hata ndani ya moshi ule wa jikoni, dawa na udongo mbichi na asali iliyoungua vinamfikia mwandishi pale mlangoni. Mama Coletha anamtazama usoni.

"Umo?"

"Umo, mama."

Anainamisha pua juu ya shingo ya chupa, anavuta pumzi ndefu, anaishikilia. Kisha anaziba chupa kwa kitambaa na kuirudisha nyuma ya mtungi.

"Basi kesho," anasema, na kuanza kuloweka ulezi mwingine.