Bendi yetu imetimiza miaka sitini: kwa nini ndugu yangu alijiita Betri Juani

Wakuu, habari za jioni. Ninayoandika ni kweli tupu. Dada yangu Kwamboka amekaa hapa kando, nikiongeza chumvi atanikemea.

Kwanza mjue akaunti hii si yangu.

Ni ya ndugu yetu Mokaya, ambaye nyinyi mnamjua kama Betri Juani. Kila anniversary ya bendi ndiye aliwaletea habari: nani bado anapiga, nani amestaafu, nani anaugua. Mwaka huu nimeona mnamwita kwenye comments na hajibu. Tulimzika hapa nyumbani Nyansiongo kabla ya mvua kuanza. Poleni, wakuu.

Mimi ni Moraa, dada yake mkubwa. Niliacha shule mapema, kwa hivyo mtanivumilia.

Update ambayo angewapa leo ni hii: mpiga ngoma amesema mikono yake imekataa. Waliobaki watapiga show moja ya kuaga, na hawatamweka mtu mwingine kwenye kiti chake. Mokaya angeipenda hiyo ya kiti.

Sasa niwaambie jina lilitoka wapi.

Baba yetu alikamua ng'ombe kwa mzungu mmoja huku Borabu. Mzungu alipouza shamba miaka ya sitini na kurudi kwao, baba alinunua redio yake. Mama alikufa kwanza, kisha baba akamfuata. Tukabaki watatu: mimi, Mokaya na Kwamboka, ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Siku ya matanga baba mdogo alitaka kutugawa. Kwamboka aende kwa shangazi Nyamarambe. Mokaya akachunge ng'ombe za jamaa Kenyenya. Mimi niolewe.

Mzee wa kanisa letu alitutetea. Akasema, "Waache pamoja, bora nyumba hii ishike Sabato." Baba mdogo akakubali kwa shingo upande. Boma lake na letu lilitenganishwa na ua tu, kwa hivyo alituona vizuri.

Niliacha shule, nikawa nachuma majani chai ya watu. Sabato tuliishika. Ijumaa jua likizama, redio ilifunikwa kitambaa mpaka Jumamosi jua lizame tena.

Mokaya alikuwa ameanza kuipenda bendi hii kupitia idhaa ya Kiingereza. Maneno hakuyaelewa yote. Mimi sikuelewa hata moja. Lakini tangu mama afe mtoto huyo alikuwa hacheki, na gita la hao watu likianza, alitabasamu. Kwangu hiyo ilitosha.

Miaka ya sabini, bendi ilipofikisha miaka kumi, mtangazaji alisema Jumamosi jioni wataipigia nyimbo zake saa nzima. Mokaya aliuliza kama jua litakuwa limezama. Nikamwambia ndiyo, litakuwa limezama.

Shida ilikuwa betri. Zilikuwa zimeisha.

Vijana hamjui haya. Betri ikilegea, unaianika juani, inapata nguvu kidogo. Kila boma lilifanya hivyo.

Basi Jumamosi asubuhi, kabla ya kanisa, Mokaya alizipanga betri kwenye uteo wetu wa kupepetea wimbi, akauweka juu ya paa la banda la kuku. Hakuniambia. Kwake yeye kazi ilikuwa ya jua, si yake.

Tulirudi kutoka kanisani pamoja na Mama Bosibori, jirani yetu, shemasi, mdomo wake haukujua kufunga. Akasimama. Akatazama paa.

"Moraa, haya ni nini? Kwenu siku hizi wimbi limeota chuma?"

"Ni betri, mama."

"Naona ni betri! Kumbe hata Sabato hazipumziki? Zimelala hapo zinaota jua kama wazee wasio na mashamba!"

Alicheka, sisi hatukucheka. Habari ilifika kwa baba mdogo kabla chakula chetu hakijapoa.

Yeye naye alishika Sabato. Alingoja jua lizame, ndipo akaja na mzee wa kanisa kutuhukumu. Mokaya alikuwa ameshazirudisha betri ndani ya redio.

Baba mdogo hakukaa.

"Moraa, nilisema nini siku ya matanga? Funga nguo za mtoto. Kesho anaenda Nyamarambe. Na huyu Kenyenya."

Nilimshika Kwamboka, nikasema, "Tata," maana kwetu baba mdogo naye ni baba, "mimi sifungi nguo za mtu."

Mzee wa kanisa alifungua kinywa, lakini Mokaya alimtangulia. Aliingia ndani, akatoka na redio, akaiweka miguuni pa baba mdogo.

"Tata, kosa limeletwa na redio. Anayekosa ndiye ahame. Ichukue hii, utuache."

Mzee wa kanisa akamgeukia baba mdogo: "Ndugu, kesi imeshakatwa. Unataka nini tena?"

Baba mdogo aliiangalia ile redio. Alikuwa ameitamani tangu baba akiwa hai. Akaiweka kwapani, akaenda.

Saa ya bendi ilipofika, tulikuwa tumeketi mlangoni. Ng'ambo ya ua akaiwasha. Betri zilikuwa zimepata jua la kutosha, sauti ikatufikia wazi kabisa.

Alikuwa ameweka matangazo ya vifo.

Mokaya alisikiliza jina baada ya jina mpaka mwisho. Kisha akasema, "Betri ni nzuri," akaingia ndani kumfunika Kwamboka.

Hatukugawanywa. Wote wawili walisoma, mimi nikichuma chai. Redio hakuidai, na baba mdogo alipozeeka, Mokaya ndiye alikuwa akimnunulia betri.

Ninachojua mimi ni hiki: nyumba ikiwaka, toa watu kwanza. Mtoto yule alilijua hilo kabla yangu.

Nina ombi. Nyimbo za bendi mliziweka zote hapa, na Mokaya alizisikiliza zote. Lakini ile saa moja hakuipata kamwe. Kama yuko mzee mwenzangu aliyekuwa na redio jioni ile, aniandikie hapa chini: walianza na wimbo gani? Walimaliza na upi?

Leo imeangukia Jumamosi. Tumengoja jua lizame ndipo niandike. Simu ina chaji, Kwamboka ameketi, tunasubiri majibu yenu.