Ukuta Mwekundu wa Bi Tvedt

Katika miaka thelathini na mmoja aliyosimamia maktaba ya shule yetu, Bi Marlys Tvedt hakupoteza kitabu hata kimoja. Watu wa Skarvik tulikuwa tukijigamba kwa jambo hilo jinsi miji mingine ya jimbo letu la Dakota Kaskazini, Marekani, inavyojigamba kwa timu zake za mpira wa magongo. Ni kweli tupu, na siri yake si kubwa: kitabu kisichotoka rafuni kitapoteaje?

Mimi ni dereva wa basi la shule hiyo hiyo niliyosoma, na nilikuwa njano. Nasema hivyo kwa sababu hapa mtu haulizwi alifaulu vipi, anaulizwa alikuwa rangi gani. Kila Septemba Bi Tvedt alimkalisha kila mtoto, akampa mtihani wa kusoma, kisha akampa rangi. Kijani ni wanaoanza, njano wanaojikongoja, buluu wanaojiweza. Nyekundu ndio wenyewe. Kila kitabu kilikuwa na kibandiko cha rangi mgongoni, na mtoto aliazima cha rangi yake tu. Ukitaka kupanda, ulirudisha kitabu ukasimama mbele ya meza yake akakuuliza maswali matatu. Ukikosa moja, unabaki ulipo. Mimi nilibaki njano miaka minne, nikasoma hadithi ya farasi mmoja mara tisa, na hadi leo sina hamu na farasi.

Vitabu vyekundu vilijaza ukuta mzima upande wa dirishani, mia tisa na kitu, vimevalishwa plastiki, vinang'aa. Enzi zangu mtoto mmoja tu alifika nyekundu, na mwezi uliofuata wazazi wake wakahamia Fargo.

Lakini sitaki mniambie kwamba mama huyu alikuwa mbaya. Mama yangu alipofariki, Bi Tvedt ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, akaosha vyombo vyetu bila kuombwa. Alipokuwa akijifuta mikono aliniuliza kama yule farasi wangu alipona. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Januari hii alikuja Bwana Kessler kutoka ofisi ya elimu, kijana mpole mwenye kompyuta ya mkononi. Alikunywa kahawa, akala biskuti mbili, akasifu usafi wa rafu. Kisha akaeleza utaratibu mpya: kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka minane kinaondolewa na kupelekwa kiwandani kusagwa. Akabonyeza kitufe. Ukuta mwekundu wote, isipokuwa vitabu kumi na vinne, ulikuwa haujaguswa. Angerudi tarehe mosi Machi. Kama hali ingekuwa hiyo hiyo, vitabu vingesagwa, na chumba kingepewa vijana wa mieleka waweke magodoro yao.

Bi Tvedt alisema kompyuta imekosea. Bwana Kessler akamgeuzia aone mwenyewe. Nilipokuja kuchukua watoto saa tisa nilimkuta mama wa watu amesimama mbele ya ukuta ule akiupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Ijumaa alitangaza kwenye kipaza sauti cha shule kwamba kuanzia leo mtoto yeyote anaweza kuazima rangi yoyote. Hakuja hata mmoja. Ndani ya basi langu walijadiliana njia nzima wakakubaliana kwamba ni mtego. Jumatatu akamshika mkono Annika Rud wa darasa la tano, msomaji wake bora, akamsimamisha mbele ya ukuta na kumwambia achague. Mtoto akaficha mikono mgongoni.

"Mimi ni buluu, Mwalimu."

"Najua. Chukua tu."

"Sijajibu maswali."

"Safari hii hakuna maswali, mwanangu."

Annika akaanza kulia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa vizuri mno.

Ikabidi aje kwetu watu wazima. Sasa Skarvik mtu haombi msaada. Unataja shida yako huku ukitazama nje, kana kwamba unazungumzia theluji, halafu unasema si kitu. Jumapili baada ya ibada, tukinywa kahawa chini kule kanisani, Bi Tvedt alitazama dirisha akasema ule ukuta umekuwa mzito kidogo, na kama kuna mtu ana nafasi nyumbani, basi, lakini si lazima. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni sawa na kupiga mayowe barabarani. Jumatano magari yalipanga foleni nje ya shule. Verlyn Hovland, mkulima wa viazisukari, alibeba vitabu arobaini kwenye sanduku la vipuri vya trekta. Mimi nilichukua ishirini na viwili. Ndani ya siku kumi ukuta ukawa mbao tupu. Bi Tvedt aligonga mhuri wa tarehe kwenye kila kitabu kwa mkono wake, na kila mmoja akapewa wiki mbili, kama kawaida.

Shabaha yetu ilikuwa safi. Tunaazima, kompyuta inahesabu, tunarudisha, yamekwisha. Kufungua kitabu hakukuwa kwenye mpango. Lakini siku zilivyosogea tukaanza kukumbuka yale maswali matatu. Bi Tvedt aliyafuta kwa watoto. Kwetu sisi hakuna aliyemsikia akiyafuta, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kwenda kumuuliza. Halafu kuna jambo la aibu. Huku kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, unatia chochote ndani, hata kama ni biskuti sita. Sasa utarudishaje kitabu cha mtu na wewe huna la kusema juu yake?

Verlyn alitoa hoja kwamba tuvipenyeze kwenye tundu la kurudishia vitabu mlangoni alfajiri kabla hajafika. Tukamkumbusha kwamba Bi Tvedt hufika kabla ya alfajiri.

Basi tukasoma. Laiti mngetuona. Wanaume wazima wa ghala la nafaka, mikono imejaa grisi, wamevifunika vitabu kwa gazeti la kilimo wasichekwe, na kila mmoja anamcheka mwenzake. Kwenye meza za kahawa za duka la ushirika, ambako kwa miaka yote mazungumzo yalikuwa bei ya mbegu na magoti mabovu ya fulani, watu walianza kunyamaza. Mimi nilipata kitabu cha mfuga nyuki aliyepofuka. Nilikwenda nacho polepole, kinjano njano, na nilipofika pale anapowatambua nyuki wake kwa mlio, nililisimamisha basi kando ya barabara, likiwa tupu, nikakaa kwanza.

Wiki mbili zikapita, na hakuna aliyerudisha.

Tarehe mosi Machi, siku ya Ijumaa, Bwana Kessler alifungua kompyuta yake akafurahi kwa dhati. Vitabu vyote vimeazimwa, hakuna cha kusagwa. Akampa Bi Tvedt mkono. Kisha akageuka akaona mbao tupu, na akakumbuka, kwa masikitiko, kwamba chumba hupimwa kwa vitabu vilivyomo. Ukuta usio na vitabu ni nafasi. Vikiwa vimerudi rafuni Jumatatu asubuhi, chumba kitabaki maktaba. Visiporudi, atalazimika kumpigia simu kocha wa mieleka.

Jumamosi Bi Tvedt akaja duka la ushirika. Tulipomwona mlangoni kila mtu alificha kitabu chini ya meza, mimi wa kwanza. Hakutazama dirisha. Alisimama katikati akatuambia, wazi kabisa, kwamba anavihitaji vyote Jumatatu, la sivyo maktaba imekwenda. Hilo pekee lilitutia hofu kuliko habari yenyewe.

Verlyn alikuwa ameinama. Akasema, "Mimi sijamaliza, Bi Tvedt."

"Si lazima umalize, Verlyn. Wewe lete tu."

"Utaniuliza."

"Sikuulizi."

Verlyn alikuwa katika darasa la kwanza kabisa ambalo mama huyu alilipaka rangi. Aliingia njano akatoka njano. Akakitoa kitabu chini ya meza, akakiweka juu, na kidole chake bado kiko ndani kushika ukurasa.

"Tangu niko mdogo hivi ulikuwa unaniambia hiki sikiwezi," akasema. "Sasa niko ukurasa wa mia mbili na kumi. Sirudishi. Niulize."

Bi Tvedt akakisogelea. Akausoma mgongo wa kitabu, akagusa plastiki aliyoivalisha mwenyewe, akageuza aone jalada la nyuma. Tulingoja swali la kwanza. Nilikuwa nikimwogopea Verlyn.

"Sikijui," akasema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Sijawahi kukifungua, Verlyn. Sijafungua hata kimoja cha ukuta ule. Nilikuwa navitunza." Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu, akaomba kahawa. "Kinahusu nini?"

Verlyn alimsimulia kwa saa nzima, vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha, na Bi Tvedt hakumkatiza.

Nilimpa lifti kurudi nyumbani. Nikamwambia bado ana kesho, anaweza kupiga simu moja moja. Vitabu ni mali ya shule, na akiamuru hakuna atakayembishia. Alikubali kwamba ni kweli. Hakupiga simu hata moja. Jumatatu saa mbili alimwambia Bwana Kessler kwamba vitabu vinasomwa na havitarudi leo, na ilipofika saa nne magodoro ya mieleka yalikuwa yakiburutwa mlangoni. Niliyasikia nikiwa nje na basi langu, na nilitaka kulia kwa ajili yake.

Jumanne, saa ya kahawa, alikuja tena duka la ushirika. Alikwenda moja kwa moja kwa Verlyn, akasimama mbele ya meza yake, akamuuliza kama amemaliza, kwa kuwa angependa kukiazima.

"Nimemaliza jana," Verlyn akasema. "Lakini nimeshampa mtu, na nyuma yake wako sita." Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. "Andika jina hapo, Bi Tvedt. Subiri zamu."

Akaandika.