Majiko Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Nilikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa letu pale mtaani Cato Manor, ugenini kwa Wazulu, na cheo hicho ndicho kilichoniponza. Majiko kumi ya kwanza yalipoletwa, nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, "Kiongozi anakula mwisho." Wakanipigia vigelegele. Nikarudi nyumbani kwenye mbabula yangu, lile jiko kuukuu la makaa, na mama yangu akaendelea kukohoa nyuma ya pazia. Ujinga gani ule!

Yalikuwa majiko ya kuni chache na moshi kidogo, na pesa zake zilitoka viwandani. Nilivyoelewa mimi, kila kiwanda kimewekewa kipimo cha moshi. Kikipitiliza kinalipa, na malipo hayo yanawanunulia watu kama sisi majiko. Nilimweleza mama. Akakohoa kwanza, akauliza:

"Sasa moshi watoe wao, kukohoa nikohoe mimi?"

"Ndivyo iko, mama."

Akasema kweli waliosoma wana akili, akaendelea kukohoa.

Majiko mengine yangekuja tu kama mkaguzi angeona haya ya kwanza yanatumika. Na katika hayo mengine, la kwanza kabisa lilikuwa la mama yangu.

Bon, mgeni anakuja. Mimi nimelelewa Bukavu. Kwetu mgeni akija, hata sufuria ya mbwa inasuguliwa. Siku mbili kabla nikapita nyumba kwa nyumba na mchanga, majivu, sabuni na matambara. Tukasugua masizi mpaka kucha zikauma. Majiko yakang'aa, ungeweza kujipaka wanja ukijitazama humo. Tukayafunika vitambaa vya kufuma, na juu ya lile la mke wa mchungaji tukaweka maua ya plastiki. Kupika tukarudia kwenye mbabula, yasije yakachafuka tena.

Nyumba moja tu ilinishinda. Jirani yangu Mrundi anasuka nywele sokoni Warwick, na vyombo vyake havijawahi kuonja mchanga. Jiko lake lilikuwa jeusi tii, maharagwe yamekaukia ubavuni.

"Dada, utatuaibisha," nikamwambia.

"Mama Prezidante, hili nilipewa nipikie, sikupewa niliogeshe."

"Basi siku hiyo ufunge mlango!"

Akacheka. "Sharp," akasema, ndiyo sawa ya watu wa huku.

Mkaguzi akaja, binti wa Kizulu mwenye adabu zake. Nikamfunulia jiko la kwanza kwa madaha. Akainama, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka safi. La pili, safi. Kufika la tano alikuwa ameacha kuandika.

"Mama," akasema taratibu, "haya hayajawahi kuwashwa."

"Yanawashwa, dada! Tumeyaosha kwa heshima yako!"

"Kila ninapokwenda naambiwa hivyo. Nikaandike nini, na alama ya moto haiko?"

Eish. Kutoka kwangu, nyumba ya pili tu, nikamsikia mama anakohoa, anapumzika, anakohoa tena. Nasema ukweli, nilitaka kulia mbele ya watu. Jiko la mama yangu nilikuwa nimelisugua likaisha, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamshika mkaguzi mkono, nikaenda kuugonga mlango ule ule niliouamuru ufungwe.

Jirani akafungua, masizi mpaka viwikoni. Maharagwe yalikuwa yanatokota. Mkaguzi akalipiga picha jiko lile kama bibi harusi.

"Moja limetumika," akasema. "Tisa bado."

Jirani akanitazama. Nilijua nina deni la kumwomba msamaha, na alikuwa na haki ya kunitukana. Badala yake akamtoa mkaguzi nje, akamwonyesha uzio. Matambara yetu ya kusugulia yalikuwa yameanikwa pale, meusi kuliko jiko lake.

"Masizi yao ni hayo," akasema. "Huyu mama yetu anapenda usafi, umsamehe."

Mkaguzi akacheka mpaka akashika uzio. Akayapiga picha matambara yote, akaandika ukurasa mzima.

Jiko letu limekwisha kuja. Jumamosi ya kwanza, kwa mazoea, nilichota mchanga nikalisogelea. Mama akaniita kutoka nyuma ya pazia, akasema maneno yote kwa pumzi moja, bila kukohoa katikati:

"Ukiligusa hilo jiko, nahamia kwa yule Mrundi."