Mzee Aliyekuja Kuuliza Maana

Mimi si mtu wa kutunga. Haya niliyaona Homa Bay, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na Mama Akinyi, aliyekuwa akiuza samaki mbele ya duka letu, aliyaona pia.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mume wangu Sefu alikuwa na duka la nguo, lakini aliyeliendesha ni mimi. Yeye alijifungia chumba cha nyuma na kitabu alichorithi kwa babu yake: maneno ya wanafalsafa wa kale wa Kiyunani, yamenakiliwa kwa mkono kwa Kiarabu. Alishikilia kwamba chini ya maneno yale kuna maana nyingine, imefichwa makusudi. Akawa anahesabu herufi, anasoma mistari kinyumenyume. Binti yetu Halima alipougua surua, alitoka akamtazama, akarudi kusoma. Unadhani sikulia?

Basi alasiri moja ikaja mvua kubwa kutoka ziwani. Mama Akinyi akakimbilia dukani na karai lake. Nyuma yake akaingia mzee wa kanzu, akasalimu, akakaa kwenye benchi.

Mama Akinyi akanivuta mkono. "Mama Halima, huyu mzee ametoka kwa mvua na nguo yake ni kavu. Nyasaye, Mungu wangu!"

Nikatazama. Kavu kweli, hata kofia.

"Niitie Sefu," mzee akasema.

Sefu alitoka amenuna. Alipomwona, akashika meza ya kukatia vitambaa. "Babu?"

Niamini, babu yake alizikwa Lamu mwaka tuliooana. Matangani nilikuwako.

Nilidhani yule mzee atatudhuru. Wapi! Midomo ilikuwa ikimtetemeka kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nimeitafuta ile maana mpaka nimekufa," alisema, "na hata huko sipumziki. Sefu, mwanangu, umeiona?"

Sefu akaenda kukaa karibu naye.

"Nimekimaliza kitabu chote, babu. Hakuna kilichofichwa. Waliandika walichotaka kusema, basi."

"Basi?"

"Basi, babu. Nenda kalale."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akacheka kidogo, akatoka mvuani. Mama Akinyi alichungulia barabarani. Hapakuwa na mtu.

Tangu siku ile Sefu alirudi dukani, akarudi kwa wanawe. Kitabu alikitia sandukuni na hatukukizungumzia tena. Lakini mwaka jana, amelala hoi kitandani, alinishika mkono.

"Nilimdanganya babu," akasema. "Sikuwa nimefika hata nusu. Nilimwonea huruma tu. Pengine maana ipo."

Hakusema neno jingine. Tulimzika kesho yake.

Siku hizi mvua ikinyesha alasiri nauacha mlango wazi, labda Sefu naye atakuja kuuliza. Kumwogopa, simwogopi. Ninachoogopa ni lile swali, kwa maana mimi siwezi kudanganya kama yeye. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa na mtu nyumbani aliyezama kutafuta yaliyofichwa, usimcheke wala usimnunie. Mtoe nje angali hai, akae na watu wake. Akirudi kukuuliza akiwa amekufa, utamjibu nini?