Damu Mchana wa Ramadhani

Dada yangu alijifungua salama, mtoto akalia, nasi nje tukapiga vigelegele. Kumbe damu ilikuwa haijakoma. Kesho yake viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa, na daktari akatwambia anahitaji chupa mbili za damu. Zitoke kwetu ndugu, maana jokofu la hospitali lilikuwa tupu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani vitu vilikuwa vimerudi, sabuni za kunukia, redio, vitenge vya kila rangi, lakini hospitalini hata glovu tulinunua wenyewe. Mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni Ngamiani, juu ya turubai, na kichwani tayari nina duka lenye kioo na sanamu iliyovishwa gauni. Shule niliishia darasa la saba. Kuota tu ndiko nilikokuwa hodari.

Nikawa wa kwanza kwenda maabara, nikakunja mkono wa gauni. Bwana wa maabara akanipandisha kwenye mizani, akacheka kwa uchovu.

"Mwanangu, wewe ndiye wa kuongezwa. Niletee wanaume, tena kabla ya alasiri. Lazima niipime damu kwanza, kundi lake, virusi vya ukimwi na virusi vya ini. Nikishafunga maabara, au umeme ukikatika, ndiyo mpaka kesho."

"Na mgonjwa akiwa hoi?"

"Hata akiwa hoi. Nisije nikamwokoa leo nikamuua pole pole."

Sasa wanaume niwatoe wapi mchana wa Ramadhani? Baba mdogo, aliyekuja kutoka Kigombe, alisema swaumu yake haivunji, atakuja akishafuturu. Majirani nao wakasema baada ya futari. Shemeji yangu, mume wa dada mwenyewe, utingo wa lori la kwenda mpakani Horohoro, akatazama viatu vyake. "Nimefunga, shemeji." Nikazunguka mitaa na jua lile, mate yamekauka, kila mlango jibu ni hilo hilo. Sikuwalaumu. Nami nilikuwa nimefunga, najua kichwa kinavyozunguka. Lakini dada hakuwa na futari ya kungojea.

Nikaketi kibarazani kwa watu, miguu inawaka. Hapo ndipo nikawaza: wasiofunga wako wapi? Nyuma ya soko kulikuwa na mgahawa ambao kila Ramadhani hutundika magunia mlangoni, wapita njia wasiwaone wanaokula. Nikaenda, nikafunua gunia.

"Funika! Funika, wewe mtoto wa watu!"

Mmoja akainamia sahani mpaka pua ikagusa wali. "Kama umetumwa na mke wangu, mwambie niko msikitini."

"Sikutumwa na mke wa mtu," nikasema. "Natafuta damu."

Vijiko vikatulia. Nikawaeleza habari ya dada. Nilipofuta macho ndipo nikamwona shemeji pembeni, chapati imemjaa mdomoni.

"Shemeji," nikamwambia, "swaumu yako ina mchuzi?"

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Mzee mmoja wa Pemba, aliyekuja na magunia ya karafuu, akanawa mikono. "Miye msafiri, sheria imenipa ruhusa ya kula. Na damu n'nayo. Twende."

Shemeji akatufuata nje, akanivuta kando. "Sindano siiogopi. Naogopa jibu. Hujui njia ya lori ilivyo."

Nilichoka hata kukasirika. "Jibu unalo mwilini tayari, upimwe usipimwe. Anayemalizika ni dada."

Akaja.

Tulingoja kwenye benchi, Mpemba akisinzia, shemeji akitafuna kucha. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikapita. Bwana wa maabara alipotoka alimwambia Mpemba damu yake ni safi na inaoana na ya dada, inapelekwa wodini sasa hivi. Kisha akamtaka shemeji waingie ndani wazungumze. Shemeji akakataa. "Sema hapa hapa. Huyu ni ndugu."

"Haya. Ukimwi huna. Una virusi vya ini. Damu yako haifai kupewa mtu."

Shemeji akaruka. "Alhamdulillahi!"

"Usiruke, bwana. Na huo ugonjwa si mafua ya kupita. Huambukiza. Mkeo naye apimwe, na kichanga. Na kesho nileteeni mtu mwingine, hii chupa moja haitoshi."

Shemeji akaketi tena, taratibu, kama aliyetua mzigo akaambiwa aubebe upya.

Wodini damu ya Mpemba ilikuwa imeshatundikwa, tone kwa tone. Dada akafumbua macho, akamtazama mumewe.

"Umenitolea?"

Nilitaka kumjibia mimi, niseme ndiyo, yaishe. Shemeji akanitangulia.

"Nilitoa, wameikataa. Nina ugonjwa wa ini. Huenda nimekupa."

Midomo ya dada iliyopauka ikatabasamu kidogo.

"Damu yako tu wameikataa. Mimi nilikuchukua mzima mzima."

Shemeji akafunika uso kwa mikono. Dada akamgusa goti kwa mkono usio na sindano.

"Waje wanipime na mimi, na mwanangu. Lakini hii chupa iishe kwanza. Nimechoka."

Nikawaacha, nikatoka kwenda kumtafuta mtu wa kesho.