Mlamula wa Pembeni mwa Kibanja

Majina nayakumbuka yote, ya niliosoma nao miaka yangu miwili ya shule, ya waliozikwa kibanja hiki na kile, kwenye migomba ya nyumbani kwao. Hapa sitaandika hata moja, maana ni jina lililonitesa.

Mdogo wangu alikuwa mkuu wa chuo. Nilimlea mimi, mama yetu alipokufa. Nilikuwa nimerudi kwa baba, huko Muleba, ndoa imevunjika, na mwanangu wa kiume mgongoni. Mjomba na mpwa walikua pamoja, wakila ebitoke, ndizi zetu za kupika, chungu kimoja. Mdogo wangu alifeli darasa la saba. Mwaka huohuo mwanangu, aliyekuwa la sita, aliugua homa, siku ya tatu akafa.

Matanga hayajaisha, mwalimu mkuu akaja. Siku zile aliyefeli alirudia kwa jina la mwingine. Watu walijua, wakanyamaza.

“Mzee, jina la yule mtoto bado limo kwenye daftari langu.”

Baba akanigeukia. “Aliyekwenda amekwenda. Huyu anaweza kusoma.”

Nikakubali. Mwanamke aliyerudi kwa baba yake akatae nini?

Basi mdogo wangu akachukua jina la mwanangu, la ubatizo na la baba wa mtoto pia. Baba akakataza msalaba kaburini, wakaguzi wasije wakasoma. Tulipanda mlamula tu pembeni mwa kibanja, mmea uleule tunaowekea mipaka.

Akafaulu. Sekondari Bukoba, chuo kikuu, ng’ambo, ualimu, mpaka akapewa chuo akiongoze. Siku ya kumsimika walilitaja lile jina kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi, mimi nikalia. Mama mmoja jirani akanipapasa: “Furaha hiyo, bibi.”

Kila likizo alikwenda kusimama penye mlamula. Siku moja akaniambia, “Dada, nikifa, mrudishie jina lake.”

“Utanizika wewe,” nikamjibu.

Nimemzika mimi. Alifia nyumbani kwake Kibeta, mwaka huu. Mtu wa chuo akaja na karatasi kuandika wasifu, binti wa marehemu ameketi kando yangu.

“Bibi, marehemu alianza shule lini?”

“Yupi?”

Binti akanigusa goti. “Shangazi, jibu tu.”

Nikawaambia yote. Nikasema msalaba uandikwe jina alilopewa na baba yetu, na lile jingine nilipeleke pembeni kwa mwenyewe. Yule mtu akafunga kalamu yake. Binti akamsindikiza nje, akarudi, akapiga magoti mbele yangu.

“Shangazi, vyeti vyake, mirathi ya mama, sisi wenyewe, vyote vina jina hilo. Watasema baba alighushi. Watamfukua kwa maneno.”

“Na mwanangu, alikuwa nani?”

Alilia kama baba yake alivyokuwa akilia utotoni, mdomo umefungwa. Nikamwambia ainuke.

Mdogo wangu alizikwa Muleba, katikati ya kibanja cha baba. Wasifu ulisomwa, na tarehe ya kuzaliwa waliyosoma ni ile niliyojifungua mimi. Msalaba ukasimikwa, maandishi yanang’aa, Dokta mbele ya jina la mwanangu. Nikatupa udongo wangu.

Watu walipokwenda kula, nilikwenda pembeni kung’oa majani chini ya mlamula. Mwalimu mmoja wa chuo, mgeni wa huku, akanifuata, akasimama karibu.

“Pole, bibi. Na hapa amelala nani?”

“Hakuna mtu, baba,” nikasema. “Ni mpaka wa kibanja tu.”