Mbegu ya Kwanza ni ya Baba

Ati sisi watu wa Homa Bay ni wavivu! Maneno hayo niliyasikia sana miaka ya tisini, na hata leo mtu akiyasema mbele yangu tutakosana. Ukweli ni kwamba Migori walitupita. Dada yangu aliolewa Uriri, upande huo wa Migori, na huko watu wawili na ng'ombe wa plau walimaliza kwa siku moja shamba ambalo sisi tungeliinamia na majembe wiki nzima. Tena udongo wetu mweusi, ukinyeshewa, unanata miguuni mpaka mtu anashindwa kutembea.

Mwaka mmoja shemeji alituonea huruma. Aliswaga ng'ombe wake kutoka Uriri hadi kwetu, akasema watakaa siku mbili tu, majirani zake nao wanawangoja.

Siku ya kwanza ng'ombe walikula nyasi bure. Kwetu mwenye boma ndiye hutia mbegu ya kwanza ardhini. Wajaluo tunaita golo kodhi. Kabla yake mwanawe hapandi, wala mke wa mwanawe. Na mwenye boma, baba yangu, alikuwa kitandani tangu Krismasi, amekonda, anakohoa. Ugonjwa hakuna aliyeutaja. Watu walinong'ona tu kwamba ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na majirani wakaacha kuja.

Mvua ilikuwa karibu na ghala lilikuwa tupu. Mke wa kaka yangu, mwenye watoto wadogo, akashindwa kuvumilia.

"Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tupande tu."

"Upande, halafu nizike wajukuu pamoja na babu yao?"

Njaa niliiogopa, lakini niliogopa zaidi vile mama alivyotaja kuzika, kama jambo lililokwisha kupangwa.

Asubuhi ya pili mawingu meusi yalikuwa yameshuka juu ya ziwa. Shemeji alikuwa amekata tamaa, anakusanya minyororo yake aondoke. Ndipo baba akaita kutoka ndani.

"Niinueni."

Tulimshika mimi na mama, huku na huku. Haki ya Mungu, debe la mahindi lilikuwa zito kumshinda. Shambani mama alimwekea mbegu kiganjani. Mkono ukatetemeka, punje zikamwagika nje ya shimo, na mama akazifukia upesi kwa mguu ili asizione. Tukamkalisha kwenye kiti pembeni.

"Haya, twende!" shemeji akapiga kelele, ng'ombe wakavuta. Lo, tulikimbia! Kaka zangu kwenye plau, sisi wanawake nyuma tukidondosha mbegu, tukicheka na kusukumana kama watu wa arusi. Matone ya kwanza yalipoanguka tulikuwa tumebakisha kona moja, nayo tukaimaliza upesi.

Tulirudi mbio kumchukua baba. Alikuwa bado anatazama shamba, lote limepandwa kwa siku moja.

"Kumbe inawezekana," akasema. "Basi mwaka ujao msinisubiri."

Mama alikaa chini pale pale kwenye matope, akalia kwa sauti.